Tom Mboya na Marafiki wa Ng'ambo

Kila mwaka gazeti letu hutenga nafasi ya kumkumbuka mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututoka. Mwaka huu kazi hiyo nimepewa mimi, nami nimemchagua Thomas Joseph Mboya. Najua mtasema, aah, huyo tunamjua. Kwani ni nani kati yetu watoto wa Eastlands ambaye hajashuka matatu kwenye barabara yenye jina lake? Lakini nilipowauliza wenzangu darasani alifanya nini hasa, wengi walinijibu kwamba aliuawa. Wengine wakaongeza habari za ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani. Basi, wakaishia hapo. Kumbe kazi iliyomtoa gizani na kumweka mbele ya macho ya dunia ilikuwa kazi ya vyama vya wafanyakazi, na ilishika moto huku huku kwetu, Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo na Pumwani. Hiyo ndiyo nitakayoisimulia, pamoja na jambo moja linalonisumbua akilini kila nikimsoma: ule msaada alioutafuta ng'ambo ulimfaa nini, na ulimgharimu nini.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge lililokuwa la McMillan, yule ambaye maktaba kubwa ya jijini ina jina lake. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella Awuor, walikuwa watu wa Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Baba yake alikuwa nyapara shambani. Mtoto huyu alikulia miongoni mwa vibarua wa makabila mengi, na kwa hivyo akajua Kiluo cha nyumbani, Kikamba, Kikuyu na Kiswahili kabla hata ya kukijua Kiingereza sawasawa. Kumbukeni jambo hilo, maana lilimfaa baadaye kuliko cheti chochote. Alisoma Kabaa huko Ukambani, akaenda Yala, kisha Mang'u. Pesa za karo zilipokatika hakuendelea mbele. Mwaka 1948 akaingia Jeanes School pale Kabete kusomea ukaguzi wa afya.

Mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Ndiyo, ndugu zangu, Tom Mboya alikuwa kanjo! Kazi yake ilikuwa kukagua usafi na kupima maziwa. Kazi ile ile ilifanywa pia na Wazungu, kwa sare ile ile na chini ya sheria zile zile, ila Mzungu alilipwa takriban mara tano ya mshahara wa Mwafrika. Kuna kisa kimoja alichokieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa. Akaingia mama wa Kizungu na chupa mkononi, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama mle ndani kuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Naye akamuuliza yule mama kama macho yake yana kasoro. Mama akapandwa na hasira. Mimi nilicheka sana niliposoma kisa hiki mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka. Ukiwa huonekani hata ukiwa umesimama mbele ya mtu, utamwambiaje akuongeze mshahara?

Jibu alilolipata Mboya ni kwamba hutamwambia peke yako. Palikuwa na chama kidogo cha watumishi Waafrika wa Baraza, chama cha kunywa chai na kuandika barua za unyenyekevu. Akakiingia, akachaguliwa kukiongoza, akazunguka akiandikisha wafagiaji, madereva na makarani, na hatimaye kikageuzwa kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953 kikasajiliwa. Mwaka huo huo yeye na Baraza wakaachana, akabaki hana mshahara.

Hapa inanibidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Mboya hakuanza na uwanja mtupu. Tarehe 1 Mei 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa wameunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ilikataa kuusajili. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano akadai uhuru wa nchi hizi bila kungoja. Naam, ule ukumbi wa Kaloleni mnaoujua nyinyi. Wiki tatu baadaye yeye na Kubai wakakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma siku kadhaa, huku polisi na mabomu ya machozi yakitawala mitaa yetu. Makhan Singh alifungiwa kaskazini mwa nchi hadi Oktoba 1961. Ni zaidi ya miaka 11. Muungano wake ukafa. Mtu yeyote aliyetaka kuongoza wafanyakazi baada ya hapo alikuwa ameonyeshwa njia inakopelekea.

Kisha tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Vyama vya siasa vikapigwa marufuku, KAU kikiwa kimojawapo mwezi Juni 1953. Kilichobaki kikisimama kwa Mwafrika wa mjini kilikuwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Vilivyosajiliwa, ambalo mwaka 1955 lilibadili jina likawa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, kwa kifupi KFL. Na katibu mkuu wake, tangu Septemba 1953, alikuwa nani? Kijana wa miaka 23, aliyekuwa mpima maziwa.

Sasa ikaja tarehe 24 Aprili 1954. Wazee wetu waliiita Anvil kama walivyoiita Wazungu. Maelfu ya askari waliizingira Eastlands alfajiri, nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje na kupangwa mistari. Ndani ya majuma machache zaidi ya watu 20,000 walikuwa wamepelekwa kizuizini. Miongoni mwao walikuwamo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi. Babu yangu, aliyekuwa kibarua wa reli, alizoea kusema kwamba asubuhi ile mtaa wa Makongeni ulinyamaza hata kuku wakaogopa kuwika. Hebu fikirini chama kinachoamka na kukuta makatibu wake wa matawi hawapo, waweka hazina hawapo, na mikutano imekatazwa. Utagoma na nani? Utamlilia nani?

Ni hapo ndipo kisa changu kinapoanza hasa. Mboya alikaa chini akaandika. Aliandika taarifa kuhusu watu waliofukuzwa makwao, kuhusu wanawake na watoto walioachwa bila makao, na kuhusu viongozi waliozuiliwa bila mashtaka. Taarifa hizo hazikuishia kwa Gavana, maana huko zingewekwa kwenye droo. Alizipeleka London, kwa Baraza la Vyama vya Wafanyakazi la Uingereza, TUC, na Brussels, kwenye makao makuu ya Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vya Wafanyakazi, yaani ICFTU, lililoundwa mwaka 1949. Wabunge wa chama cha Labour wakapata maswali ya kumuuliza Waziri wa Makoloni. ICFTU nayo ikamtuma Nairobi mjumbe wake Jim Bury, raia wa Kanada, akae na kuwasaidia. Serikali ya hapa ilikuwa haimwogopi karani wa Kiafrika. Iliogopa kuulizwa maswali na Mzungu mwenzake mbele ya watu.

Labda mwenzangu wa kidato cha kwanza anajiuliza haya yote yanahusu nini. Nitaeleza kwa lugha ya mtaani. Mfanyakazi mmoja akienda kwa tajiri kuomba nyongeza, tajiri humwonyesha foleni ya watu walio langoni wanaoitaka kazi yake. Lakini wafanyakazi wote wakisema kwa kinywa cha chama, tajiri hana budi kuketi mezani. Wanakubaliana mshahara, saa za kazi na likizo, wanaandika na kutia sahihi, na kilichoandikwa kinamlinda hata yule mfagiaji asiyejua kusoma. Huko ndiko kujadiliana kwa pamoja. Shida ni kwamba mpango huo hauwezi kusimama ikiwa tajiri anaweza kukataa kukitambua chama, au serikali inaweza kumkamata katibu usiku wa kuamkia mkutano. Mwaka 1948 na 1949 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mikataba miwili, namba 87 na namba 98, ya kulinda uhuru wa kuunda vyama na haki ya kujadiliana. Kwenye karatasi ilikuwa mizuri. Pumwani ya 1954 haikuionja.

Nafasi ya kuonyesha kazi hiyo kwa vitendo ilipatikana Mombasa mwezi Machi 1955. Makuli wa bandarini waligoma, na mji mzima ukatikisika. Mboya akateremka pwani. Wengi walitazamia awachochee. Yeye akawaomba warudi kazini ili madai yao yapelekwe kwenye usuluhishi, naye akawa msemaji wao. Aliwaelewa, wakamwelewa, na hapa Kiswahili chake kilikuwa na kazi. Baraza la usuluhishi likawaongezea mshahara kwa karibu theluthi moja. Kuli wa bandarini hakuhitaji hotuba ya siasa baada ya hapo. Alihesabu shilingi zake mkononi akajua chama ni nini.

Mwishoni mwa 1955 akaenda Uingereza kusoma Ruskin College, Oxford. Akiwa huko, serikali ya Kenya ikaona panya ametoka, sasa tufunge shimo. Ikatishia kuifutia KFL usajili kwa madai kwamba inafanya siasa. TUC ikamtuma katibu mkuu wake mwenyewe, Sir Vincent Tewson, akaja Nairobi mwaka 1956 kuzungumza na serikali. Wakapatana. KFL ikaponea chupuchupu, kwa sharti kwamba izungumzie siasa pale tu inapowagusa wafanyakazi. Nami nauliza: katika nchi ambayo mfanyakazi alihitaji kipande kutafuta kazi na kibali kulala mjini, siasa gani haikumgusa?

Mwaka huo huo Mboya akavuka bahari hadi Marekani. Mjini New York alipokelewa na Maida Springer, mama Mmarekani mweusi wa chama cha washona nguo, ambaye Waafrika wengi walikuja kumwita Mama Maida. Akafahamiana pia na A. Philip Randolph, kiongozi wa wahudumu weusi wa magari ya kulala ya treni. Halafu akakutana na George Meany, rais wa shirikisho kuu la wafanyakazi, AFL-CIO. Alirudi na ahadi ya dola 35,000 za kujengea KFL makao yake. Kwa siku zile hizo zilikuwa pesa kweli kweli. Jengo likajengwa, likaitwa Solidarity House.

Yaliyofuata nitayapitia mbio, kwa sababu vitabu vya historia vinayaeleza. Machi 1957 alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Nairobi, akimshinda Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini. Alikuwa na miaka 26. Desemba 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1961 akagombea Nairobi Mashariki, na mitaa yetu ikampa kura hadi wapinzani wakaona haya. Mwaka 1962 akamwoa Pamela Odede.

Lakini nisipite mbio mpaka nikaruka palipo na mwiba. Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisema kwamba Mboya alikuwa kibaraka wa Wamarekani. Maneno hayo si mapya; yalianzia Accra. Dunia ya vyama vya wafanyakazi ilikuwa imepasuka pande mbili. ICFTU ilikuwa ya upande wa Magharibi, ikiwa imejitenga na shirikisho lingine lililoegemea Moscow. Kwame Nkrumah wa Ghana alitaka vyama vya Afrika vijitoe pande zote na viwe na umoja wao. Mei 1961, mjini Casablanca, umoja huo uliundwa, na Mboya akaupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba chama kichanga hakiwezi kukata urafiki na wale waliokitetea kilipokuwa kinapigwa. Pia miaka ya sitini haijaisha ikafichuka kwamba baadhi ya pesa zilizopitia mikono ya vyama vya Marekani kwenda nchi za nje zilikuwa za shirika la ujasusi la CIA. Jambo hilo siwezi kulifunika kwa sababu nampenda shujaa wangu.

Hata hivyo maoni yangu mimi ni haya. Anayemlaumu Mboya kwa kuomba msaada amwendee kwanza mfagiaji wa mwaka 1954 ambaye katibu wake yuko kizuizini, amwambie asimwite jirani nyumba ikiungua. Msaada wa Brussels na London ulikuwa wa kweli. Pale Kampala, ICFTU ilifungua chuo mwaka 1958, na vijana wengi wa Kenya walijifunza humo namna ya kuweka hesabu za chama na kuandika madai. Lawama yangu iko kwingine. Makhan Singh hakuficha kwamba ni mkomunisti. Alipofungiwa miaka ile 11, sikukuta mahali popote katika kusoma kwangu kelele zilizopigwa na marafiki wale wale wa Magharibi zilizofanana na zile zilizoiokoa KFL. Haki ilikuwa moja, ila mlango wa jirani ulifunguliwa kwa kuangalia anayebisha ni nani. Hapo Nkrumah alikuwa ameona kitu.

Aprili 1962 Mboya akawa Waziri wa Kazi. Sasa akakaa upande wa pili wa meza! Migomo ilikuwa mingi mwaka huo, watu wakidhani uhuru maana yake ni mshahara maradufu Jumatatu. Tarehe 15 Oktoba 1962 serikali, shirikisho la waajiri na KFL zilitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Kazi. Waajiri walikubali kuvitambua vyama na kujadiliana navyo. Vyama vilikubali kutumia kwanza njia za mapatano kabla ya kugoma. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, ingawa hakuna wimbo ulioimbwa juu yake. Mwaka 1964 Kenya huru ikaridhia mkataba namba 98 wa ILO, na Mahakama ya Viwanda ikaanzishwa kuamua migogoro ya kazi.

Kisha, mwaka 1965, ikaja zamu ya uchungu. Wafanyakazi walikuwa wamegawanyika, KFL upande huu na wapinzani wake upande ule, wakafikia kupigana Mombasa. Serikali ikayafutia usajili mashirikisho yote mawili na kuunda moja tu, COTU. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais kutoka majina yaliyopendekezwa. Na shirikisho jipya likakatazwa kujiunga na miungano ya ng'ambo, ICFTU ikiwa mojawapo. Mboya alikuwa waziri katika serikali hiyo. Kamba aliyoshikilia mwenyewe alipokuwa anazama ilikatwa naye akiwa amesimama ufukweni. Wapo wanaosema nchi changa ilihitaji utulivu, na sikatai kwamba ilihitaji. Ila najiuliza: baada ya 1965, katibu wa tawi aliyefukuzwa kazi kwa kudai haki angemwandikia nani?

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba mchana hivi, Mboya alitoka katika duka la dawa la Chhani kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Mtu mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alishtakiwa, akahukumiwa kifo na kunyongwa. Siku ya misa katika Kanisa la Holy Family umati ulifurika, mawe yakarushwa na mabomu ya machozi yakalipuka hadi moshi ukaingia kanisani. Mwili ulisafirishwa kwa barabara hadi Rusinga, na huko ndiko alikozikwa.

Wazee wa Ziwani husema alikaa kwao, na wa Kaloleni hawakubali. Mkiwakuta wakibishana msiwaamue. Sanamu yake ilizinduliwa Moi Avenue mwezi Oktoba 2011, karibu na pale alipoangukia. Haki ya kujiunga na chama, kugoma na kujadiliana kwa pamoja imeandikwa katika kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010. ICFTU iliungana na wengine mwaka 2006 na kuwa shirikisho la ITUC, na COTU ni mwanachama wake. Kamba iliunganishwa tena. Na lile jengo la dola za Meany bado lipo Barabara ya Digo, jirani na Gikomba, na ndiyo makao makuu ya COTU. Tumelipita mara ngapi tukienda kununua viatu vya mtumba!